Gego la kupandikiza: kliniki mbili, taya moja

Nitaanza na alama. Kliniki ya kwanza iliyonipandikizia jino naipa nyota mbili kati ya tano. Ya pili, iliyokitoa kipandikizi kilichoshindwa na kuweka kingine ninachotafunia mpaka leo, naipa nne na nusu. Majina sitayataja. Msomaji aliye mbali hatasaidiwa na jina la kliniki asiyoweza kufika, ila atasaidiwa sana akijua nini cha kuangalia akishaketi kwenye kile kiti, na maswali gani ayamalize kabla ganzi haijaingia.

Mimi ni fundi mitambo. Miaka yote nimetoboa chuma, nimekaza skrubu, nimetafuta kwa nini skrubu iliyokazwa sawasawa imelegea. Kwa hiyo kipandikizi changu kilipoanza kucheza na kliniki ya kwanza ikaniambia "mwili wako umekikataa," jibu hilo halikuniingia akilini. Titani ni metali ambayo mfupa wa binadamu kwa kawaida huipokea vizuri. Mzio wa titani upo lakini ni nadra mno. Kipandikizi kikilegea, mara nyingi kuna sababu inayotafutika, na mgonjwa anayeambiwa tu kwamba mwili umekataa anaondoka bila kujua afanye nini tofauti safari ijayo.

Kwa asiyekifahamu, kipandikizi ni skrubu fupi inayozamishwa kwenye mfupa wa taya pale mzizi wa jino ulipokuwa. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi huwekwa taji, ambalo ndilo jino tunaloliona. Kinachoibeba kazi yote ni mfupa kukua na kushikamana na titani moja kwa moja. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikutana na jambo hili mwaka 1952 alipokuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mifupa ya sungura: vifaa vya titani alivyovipachika vikagoma kutoka, mfupa umevishika. Mwaka 1965 akamwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, kwenye taya la chini. Larsson alikaa navyo mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Ninamtaja kwa sababu watu wengi hudhani vitu hivi ni vya majaribio. Vimejaribiwa vya kutosha. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa baada ya miaka 10 zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 bado vimo kinywani. Lakini "kimo kinywani" hakumaanishi "kina afya", na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kliniki ya kwanza ilikuwa na mapokezi mazuri, hilo sitawanyima. Mhudumu mwenye tabasamu, hakuna foleni, maelezo mafupi. Walipiga picha moja ya eksirei ya taya zima, ile bapa, wakaniambia mfupa upo wa kutosha. Siku ileile ya kupandikiza nikatoka na jino la muda juu ya skrubu, nikaambiwa nile kawaida ila niepuke vitu vigumu. Hakuna aliyeniuliza kama ninasaga meno usiku. Hakuna aliyepima fizi zangu. Hakuna aliyeniuliza dawa ninazotumia wala kama nina kisukari. Fomu ya afya ilikuwepo, nikaijaza, ikaingia kwenye faili, na sikuona mtu akiisoma.

Wiki za kwanza hazikuwa na shida. Maumivu yalikuja siku mbili tatu, yakapungua, kama walivyoniambia. Baadaye nikaanza kuhisi kitu nikisukuma kwa ulimi: jino linaitika. Halikuuma. Watu wengi husubiri maumivu ndipo waende kwa daktari, na hapo ndipo kipandikizi kinapotofautiana na jino la asili. Jino la asili limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi laini zenye mishipa ya fahamu. Ukiuma kijiwe kwenye wali unajua papo hapo. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kinaweza kuelemewa, kikachezacheza, hata mfupa ukaliwa pembeni yake, na mwenyewe usihisi kitu cha kukutisha.

Kliniki ya pili nilielekezwa na daktari wa familia. Daktari wa meno wa pale, mama wa makamo anayesema taratibu, alikigusa kwa nyuma ya vyombo viwili, kimoja kila upande, akakisukuma.

"Baba, hiki hakijashika. Tusijidanganye."

"Huenda ni skrubu ya juu tu imelegea, Daktari?"

"Hilo ndilo ninalolitazama kwanza."

Na kweli alilitazama kwanza. Hili kila mwenye kipandikizi alijue. Jino likicheza, kuna mambo mawili tofauti kabisa. Huenda ni ile skrubu ndogo inayofunga taji kwenye kiunganishi ndiyo imelegea, na hapo kipandikizi chenyewe ni kizima. Daktari anaikaza na kazi inaendelea. Au ni kipandikizi chote ndani ya mfupa. Kwa mgonjwa dalili zinafanana. Kwa hiyo usikate tamaa, lakini usiendelee kulitafunia pia, kwa kuwa skrubu iliyolegea ikiendelea kubeba uzito inaweza kukatikia ndani, na kuitoa skrubu iliyokatika ndani ni kazi ngumu hata kwetu mafundi wa chuma.

Kwangu tatizo lilikuwa kipandikizi chenyewe. Akapiga ganzi kidogo, akakishika, akakizungusha kinyume, kikatoka bila kubishana. Nilikiomba nikione. Nimeona skrubu nyingi, lakini ile niliishika muda mrefu. Nyuzi zake, ile mizunguko ya skrubu, zilikuwa nzima, hazijaumia popote, na zote zimevikwa utando laini wa rangi ya waridi iliyofifia. Hakuna hata chembe ya mfupa. Daktari akaniambia kuwa utando ule ndio jibu: badala ya mfupa kukua mpaka kwenye titani, taya lilijenga tishu laini kati yao.

Nikamuuliza sababu. Alinipa zaidi ya moja, na kila moja ilikuwa ya kupimika. Kwanza, mwendo. Katika majuma ya mwanzo kipandikizi kikitikisika zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo ya hapo, mfupa haupati utulivu wa kushika. Jino la muda lililowekwa siku ileile, kwa mtu anayesaga meno usingizini, linaweza kuleta mwendo huo kila usiku. Kuweka jino mapema si kosa kwa kila mgonjwa, alisisitiza; kuna wanaofaa, endapo kipandikizi kimekazwa kwa nguvu ya kutosha siku ya kwanza na jino la muda halikutani na lile la taya la pili. Pili, joto. Mfupa ukifika nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 tu, seli zake huanza kufa. Hapo sikuhitaji maelezo marefu: atoboaye chuma bila maji ya kupoza anaharibu tundu na kekee kwa pamoja. Tatu, vijidudu vilivyoingia wakati wa upasuaji au vilivyokuwapo tayari kwenye fizi.

"Ipi kati ya hizo ndiyo yangu?"

"Bila kumbukumbu zao siwezi kukuambia kwa hakika."

Kumbukumbu hazikuwepo. Nilizifuata kliniki ya kwanza nikapewa risiti na ile picha bapa. Hakuna maandishi ya nguvu iliyotumika kukaza, hakuna aina ya kipandikizi, hakuna namba ya toleo. Pakiti ya kipandikizi huja na kibandiko chenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba. Kinabanduliwa na kubandikwa kwenye faili, na nakala hupewa mgonjwa. Bila hicho, daktari mwingine akitaka kukaza au kubadilisha taji baada ya miaka anabahatisha bisibisi. Nyota zilizopungua kwa kliniki ya kwanza nyingi zimepotelea hapa. Kipandikizi kushindwa kunaweza kumtokea hata daktari hodari. Kazi isiyoandikwa haina utetezi.

Sasa kliniki ya pili. Kitu cha kwanza walichokifanya kilikuwa kutonipandikizia. Daktari alichukua kijiti chembamba chenye alama za milimita akazunguka jino kwa jino, msaidizi wake akiandika namba. Magego mawili ya nyuma yalikuwa na mifuko mirefu kati ya jino na fizi, na yanatoka damu. Akaniambia wazi kwamba mtu mwenye ugonjwa wa fizi usiotibiwa akiwekewa kipandikizi, vijidudu vilevile vitahamia kwa jirani mpya. Fizi zikasafishwa kwanza, zikapewa muda, zikapimwa tena. Mimi nilikuwa na haraka, yeye hakuwa nayo. Kisha akanionyesha kwenye kioo ncha za machonge yangu: zimelika, bapa kama zimepigwa msasa. Mtu anayesaga meno hujulikana kwa hizo hata kama yeye mwenyewe anabisha.

Maswali yake ya afya yalikuwa ya mtu anayetaka jibu. Kisukari kipo? Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 ni ngapi? Unavuta sigara, hata mbili kwa siku? Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa unaopona unaitegemea damu hiyo. Wavutaji hupoteza vipandikizi kwa kiwango kikubwa kuliko wasiovuta, na anayetaka kupandikiza aache kabla ya upasuaji na asirudie wakati mfupa unapona. Umewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni? Unatumia dawa yoyote ya kuimarisha mifupa?

Swali hilo la mwisho lilimhusu dada yangu. Baadaye nilimpeleka palepale, naye huchomwa sindano ya mifupa kila baada ya miezi 6. Daktari alisimamisha mipango yote, akaandika barua kwa daktari anayemtibu mifupa. Alieleza kwamba baadhi ya dawa hizo, za sindano na za vidonge, zinaweza kufanya mfupa wa taya usipone baada ya upasuaji, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa wanaopewa dozi kubwa kwa ajili ya saratani. Dada akasema basi ataiacha sindano. Daktari akamkatalia kwa ukali kidogo: kuiacha sindano ile ghafla kunaweza kuleta mivunjiko ya uti wa mgongo, asiiguse ratiba bila daktari wake. Mwishowe dada alitengenezewa meno ya kuvaa na kuvua, na anayafurahia. Kliniki inayoweza kumwambia mgonjwa mwenye fedha mkononi "hapana, kwako si hiki" ninaiheshimu kuliko yenye mashine mpya.

Mashine pia wanazo. Picha yao ilikuwa ya pande tatu. Ile bapa ya kwanza ilionyesha urefu wa mfupa, haikuonyesha unene. Hii ilionyesha yote mawili, na mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita chini ya magego. Daktari alipima kwenye skrini umbali kutoka mshipa hadi ncha ya kipandikizi anachokusudia kuweka, nikiona. Mshipa huo ukiumizwa, mdomo wa chini na kidevu hubaki na ganzi. Kwa hiyo kama ganzi ya upasuaji ilipaswa kuwa imeisha na mdomo bado umekufa, piga simu siku hiyohiyo. Usingoje miadi.

Siku ya kuweka cha pili nilisikiliza zaidi ya kuogopa. Maji yalikuwa yakimwagika muda wote. Kekee zilipanda ukubwa hatua kwa hatua, zikiingia na kutoka, hazikusukumwa kwa mkupuo. Alipokikaza alitumia spana yenye kipimo cha nguvu, akaitaja namba kwa sauti, msaidizi akaiandika. Sikuondoka na jino. Kiliwekwa kifuniko kidogo juu yake na nikaambiwa nisubiri. Kanuni ya zamani ilikuwa miezi 3 kwa taya la chini na miezi 6 kwa la juu, kwa kuwa mfupa wa taya la juu, hasa nyuma, ni laini zaidi. Siku hizi wengi hufupisha, lakini kwa mtu ambaye kimoja kilishashindwa yeye hakutaka kufupisha, na nilimuelewa: kipandikizi cha pili mahali palepale kina nafasi ndogo kidogo ya kufanikiwa kuliko cha kwanza.

Taji lilipokuja lilifungwa kwa skrubu, tundu likazibwa juu kwa kijazio cha rangi ya jino. Niliuliza kwa nini halikubandikwa. Kwa sababu mbili: likifungwa kwa skrubu linaweza kufunguliwa na kukazwa, na hakuna saruji ya meno inayobanwa ikajificha chini ya fizi. Masalia ya saruji hiyo ni chanzo kinachojulikana cha fizi kuvimba kuzunguka kipandikizi. Ukibandikiwa, uliza wamehakikishaje kwamba hakuna kilichobaki. Kisha akanipa karatasi nyembamba ya rangi niume, akaangalia alama, akasugua kidogo, nikauma tena, mpaka aliporidhika kwamba jino hilo halipokei uzito kuliko jirani zake. Nikatengenezewa na kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Naivaa. Inakera mwezi wa kwanza, baadaye huioni.

Halafu kikaja kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha huduma yote: walipiga eksirei ya jino hilo likiwa jipya, wakapima fizi kulizunguka, wakaandika. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia. Mfupa hupungua kidogo mwaka wa kwanza kwa kawaida. Bila picha ya mwanzo, miaka baadaye hakuna atakayejua kama unaendelea kuliwa au ulisimama zamani. Uombe upigiwe. Uombe nakala.

Kushindwa kwa mapema, kama kwangu, hutokea kabla mfupa haujashika. Kushindwa kwa baadaye ndiko kunakonyemelea watu walioshasahau. Kipandikizi hakiozi, lakini ukoga hukaa juu yake kama unavyokaa juu ya jino. Fizi huwa nyekundu, hutoka damu ukipiga mswaki. Hatua hii ikishughulikiwa hurudi nyuma kabisa. Ikiachwa, uvimbe hushuka kwenye mfupa na kuula kuzunguka skrubu. Madaktari huita periimplantaitisi. Hapo hakuna kurudi kirahisi: watasafisha, pengine wafungue fizi, pengine wajaze mfupa, na wakati mwingine kipandikizi hutolewa. Walio na historia ya ugonjwa wa fizi, wavutaji na wasiorudi kusafishiwa ndio wanaopata zaidi.

Mimi nilianza kutoka damu kidogo kwenye moja ya ziara za kurudi, upande wa ndani, ule wa ulimi. Daktari hakunihubiria. Msaidizi wake alinipa kioo, akanipa brashi ndogo ya kupenyeza kati ya meno, ile yenye waya uliofunikwa plastiki ili usikwaruze titani, akaniambia nifanye kama nifanyavyo nyumbani. Nikapenyeza kutoka nje, ikatoka safi. Akaniambia nipenyeze kutoka ndani, niinamishe ncha kuelekea kwenye fizi. Ikatoka na utando mweupe na damu. Kumbe taji la gego ni pana kuliko shingo ya kipandikizi chini yake, na pale ndani kuna kona ambayo mswaki wa kawaida hauifikii kabisa. Akanichagulia ukubwa wa brashi unaojaza nafasi bila kulazimishwa, kila usiku, pande zote mbili. Ziara iliyofuata damu ilikuwa imekoma. Mafunzo yale ya dakika chache yamelinda kile kipandikizi kuliko dawa yoyote ya kusukutua niliyowahi kuuziwa.

Wananiita kila baada ya miezi 6. Wenye historia nzito ya fizi huitwa kila miezi 3 au 4. Kila mara wanapima, wanalinganisha na ile namba ya mwanzo, wanasafisha kwa vifaa visivyokwaruza. Ukiahidiwa jino la "maisha yote" halafu hakuna anayekuita kulikagua, ahadi hiyo usiitegemee.

Nusu nyota niliyowanyima ni ya mambo mawili. Miadi yao huchelewa, na anayetoka kazini huumia kwa kusubiri. Kubwa zaidi ni simu: baada ya saa za kazi haipokelewi, na maelekezo ya nini cha kufanya usiku hayakuandikwa popote mpaka nilipoyaomba. Dalili za kuwahi kuripoti ni chache na zingetosha kwenye karatasi moja: maumivu au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha au ladha mbaya inayorudi, homa, damu isiyosimama, mdomo uliobaki na ganzi, jino linalocheza. Waliniandikia kwa mkono nyuma ya kadi yenye kibandiko cha kipandikizi. Niliwaomba waichapishe kwa kila mgonjwa, na dada yangu alipokwenda karibuni alikuta bado hawajaichapisha.